Riesling ya Mosel inanuka mafuta ya taa: imeharibika, au ndivyo ilivyo?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni mhudumu kwenye mgahawa mmoja huku Msasani. Juzi mgeni alirudisha chupa ya mvinyo mweupe, Riesling Kabinett ya Mosel, Ujerumani. Alilalamikia mambo matatu: unanuka mafuta ya taa, ni mtamu wakati yeye alitaka mvinyo mkavu, na glasi ya mwisho ilikuwa na vipande vinavyong'aa kama vioo. Bosi akasoma lebo, akakuta kilevi ni asilimia 8 tu, akasema basi umetiwa maji na sukari. Baba yangu analima zabibu Hombolo, Dodoma, na kwetu zabibu ikiwa tamu sana mvinyo wake unakuwa mkali. Huu umekuwaje mtamu halafu kilevi kidogo? Unalimwaje na unatengenezwaje? Nusu ya chupa bado iko friji, tuimwage? (Mhudumu, Msasani)

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Chupa msiimwage kwanza, nitaifikia. Nianze na neno la bosi, maana kusema mvinyo umetiwa maji ni tuhuma nzito, na kwa chupa iliyoandikwa Kabinett, yaani daraja la zabibu zilizoiva bila kupitiliza, tuhuma hiyo haisimami. Sheria ya mvinyo ya Ujerumani hairuhusu kuongeza sukari kwenye mchuzi wa zabibu (juisi iliyokamuliwa) wa daraja hilo, wala wa madaraja yaliyo juu yake. Kinachoruhusiwa ni kurudishia kiasi cha juisi ya zabibu ambayo haijachachuka, na wazalishaji makini wa Mosel wengi hawaitumii njia hiyo. Utamu alioukuta mgeni wenu ni sukari ya zabibu yenyewe, imebaki kwa sababu mtengenezaji aliamua ibaki. Kilevi nacho ni kidogo kwa sababu hiyohiyo.

Hesabu yake baba yako ataielewa mara moja. Hamira hula sukari na kutoa kilevi pamoja na hewa ya ukaa. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kilevi. Chukua mchuzi wa zabibu wenye gramu 180 za sukari kwa lita. Ukiiachia hamira kazi mpaka sukari iishe, unapata mvinyo mkavu wa asilimia 10 na nusu hivi. Ukiisimamisha ikiwa imefika asilimia 8, imekula gramu 136, na gramu 44 zimebaki kwenye mvinyo. Kwenu Hombolo jua hupandisha sukari juu sana, kisha hamira inaachwa imalize yote, ndiyo maana utamu wa shambani unaishia kuwa ukali kwenye glasi. Hapa zabibu ilianza na sukari kidogo kuliko yenu, na bado haikumalizwa.

Sasa kwa nini mtu aisimamishe hamira katikati ya kazi? Kwa sababu ya uchachu. Onja tena mvinyo huo, ila safari hii usiufuate utamu, fuatilia mate yanavyotoka pembeni mwa ulimi ukishameza. Riesling ya Mosel ina asidi nyingi, mara nyingi gramu 7 mpaka 9 kwa lita. Mvinyo mwepesi namna hiyo, wenye asidi yote hiyo na bila sukari hata chembe, ungekutia ganzi ya meno. Fikiria juisi ya ukwaju: sukari unayotia haigeuzi ukwaju kuwa kitu kingine, inafanya ukali wake unyweke. Tofauti ni kwamba kwenye chupa yenu hakuna aliyetia, iliachwa tu. Soda nyingi za dukani zina gramu 100 hivi za sukari kwa lita. Mvinyo huu una chini ya nusu yake, na asidi inauzima utamu kiasi kwamba mdomo haunati, unabaki safi na unataka fundo lingine. Mizani hiyo ya utamu na uchachu ndiyo sanaa yote ya mvinyo huu. Mtu akiupima kwa utamu peke yake, au kwa kilevi peke yake, atauonea.

Asidi yenyewe inaletwa na baridi. Zabibu changa, iwe ya Dodoma au ya Ujerumani, huanza ikiwa chachu kupindukia. Inapoiva, sukari inaingia ndani ya punje, na wakati huohuo mmea unachoma asidi ya maliki, ileile iliyojaa kwenye tufaa bichi. Kadiri hewa inavyokuwa ya joto, ndivyo asidi hiyo inavyoteketea upesi, na usiku wa joto hauipi nafasi ya kupumzika. Mosel iko karibu na nyuzi 50 kaskazini mwa ikweta. Kule mzabibu hulala majira yote ya baridi bila jani hata moja, huchipua Aprili, huchanua Juni, na Riesling, ambayo ni aina inayochelewa kuiva, huvunwa Oktoba. Wiki zake za mwisho za kuiva ni za mchana wenye jua dogo na usiku wa baridi na ukungu. Asidi inabaki. Sukari inapanda polepole, na harufu ya tunda inapata muda wa kukomaa kabla sukari haijawa nyingi. Hiyo ndiyo bahati ya pekee ya mahali pale: zabibu inafikia kunukia pichi, tufaa, ndimu na maua wakati bado ina sukari ya kutoa kilevi kidogo tu.

Dodoma ni nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwenye mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, na mzabibu wake haulali. Anayeuamsha ni mkulima kwa kupogoa, ndiyo maana baba yako anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Huo ni utajiri ambao mkulima wa Mosel hajawahi kuuota. Lakini jua lile linachoma asidi mapema na kupandisha sukari haraka, na ukisubiri harufu ikomae umeshapitwa na uchachu. Kwa hiyo anayetaka mvinyo mweupe wenye uhai Dodoma hufanya vizuri kutumia Chenin Blanc, aina ambayo kwa asili yake inashikilia asidi hata kwenye joto. Riesling ingemhangaisha bure. Sioni sababu ya Dodoma kuiga Mosel, na nimechoka kusikia watu wa Dar wakipima mvinyo wa nyumbani kwa kipimo cha Ulaya. Hizi ni kazi mbili tofauti za dunia mbili tofauti.

Ila baridi peke yake isingetosha, ingezaa ndimu. Kaskazini namna ile, shamba la tambarare halikusanyi joto la kutosha kuivisha Riesling vizuri. Mto Mosel unaanzia Ufaransa kwenye milima ya Vosges, unapita mpakani mwa Luxembourg, halafu unajikunjakunja ndani ya Ujerumani mpaka Koblenz unapoingia Rhine. Umechimba bonde jembamba lenye kuta ndefu, na mashamba bora yako juu ya kuta hizo, yakitazama kusini. Jua la kule haliji utosini kama letu. Linakuja kwa ubavu, na mteremko mkali unalipokea uso kwa uso. Maji ya mto chini yanarudisha mwanga juu na kupunguza makali ya barafu ya majira ya kuchipua.

Halafu kuna jiwe. Udongo wa Mosel sehemu kubwa ni vipande vya sleti, mwamba wa kijivu-buluu wenye umri wa miaka milioni 400 hivi, unaobanduka tabaka kwa tabaka. Ukiokota kipande alasiri ya kiangazi ni cha moto kiganjani, ukikivunja kinagawanyika karatasi nyembamba zenye kingo kali. Jiwe hilo jeusijeusi hunywa joto mchana kutwa na kulirudisha taratibu kwa mizabibu jua likishazama. Pia linapitisha maji haraka, mizizi haisimami kwenye tope, inalazimika kushuka ndani ya nyufa kutafuta maji. Wengi husema mvinyo wa Mosel una ladha ya jiwe. Mzizi haunyonyi mwamba na kuupeleka kwenye glasi, lakini uchache wa rutuba, joto la usiku na maji yanayopita haraka ni mambo halisi, na yanaonekana kwenye zabibu.

Kufanya kazi mahali pale ni jasho tupu. Karibu na kijiji cha Bremm kuna mlima unaoitwa Calmont ambao baadhi ya sehemu zake zina mwinamo wa nyuzi 65. Trekta la kawaida halifiki, mashine ya kuvunia haiingii. Siku hizi kwenye miteremko mingine wamefunga kireli kimoja chenye injini ndogo kinachopandisha watu na kushusha zabibu, kwingine wanatumia winchi, na kwingine ni miguu na mgongo. Mvua kubwa ikinyesha mawe huteremka, na mtu huyapandisha tena. Kimila kila mzabibu una mti wake mmoja wa kuushikilia, na matawi mawili yanakunjwa kwenda chini na kufungwa mpaka yanafanya umbo la moyo. Hakuna waya wa kuunganisha mstari, kwa hiyo mfanyakazi anaweza kutembea kukatisha ubavu wa mlima badala ya kupanda na kushuka moja kwa moja. Shamba la namna hiyo hula saa za kazi mara kadhaa zaidi ya shamba la tambarare. Bosi akiuliza kwa nini chupa ya asilimia 8 inauzwa bei ya chupa ya asilimia 14, mwelekeze huko.

Tena si mazoea ya jana. Warumi walikuwa wakikamua zabibu bonde lile. Kijijini Piesport ulifukuliwa mtambo wao mkubwa wa kukamulia wa karne ya 4. Jina la Riesling linaonekana kwa mara ya kwanza kwenye hati ya ununuzi wa miche ya mwaka 1435, huko Rüsselsheim, karibu na mto Rhine. Mwaka 1787 mtawala wa Trier, Askofu Mkuu Clemens Wenceslaus, aliamuru mizabibu duni ya Mosel ing'olewe na kupandwa aina bora, na Riesling ikapata nguvu. Mwanzoni mwa karne ya 20 chupa nzuri za Mosel ziliuzwa kwa bei ya kushindana na vigogo wa Bordeaux, Ufaransa. Kilichokuja kuharibu jina ni mvinyo rahisi wa sukarisukari uliomwagwa sokoni baadaye karne hiyohiyo, mwingi wake ukitokana na aina zinazozaa sana na zinazoota popote. Mgeni wa umri fulani akisikia mvinyo mtamu wa Ujerumani anakumbuka huo. Unapomhudumia, jua kwamba unapambana na kumbukumbu hiyo.

Sasa tuingie ghalani. Uvunaji wa Riesling nzuri ni wa mkono, na mara nyingi wavunaji hupita shamba lilelile zaidi ya mara moja, wakichukua vichala vilivyofikia na kuacha vingine. Zabibu za Kabinett huchukuliwa zikiwa zimeiva bila kupitiliza. Kwa Mosel, mchuzi wake unatakiwa ufikishe angalau 70 kwa kipimo cha Oechsle, kilichopewa jina la Ferdinand Oechsle, fundi wa Pforzheim wa karne ya 19. Kipimo hicho kinalinganisha uzito wa mchuzi na uzito wa maji: sukari ikiwa nyingi, mchuzi ni mzito zaidi. Zabibu zilizoachwa zaidi shambani huitwa Spätlese, zikizidi hapo Auslese, na juu yake kuna mivinyo ya zabibu zilizosinyaa au zilizogandia kwenye mti. Ile ya kuganda, Eiswein, inataka baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri wakati wa kuvuna, na hali ya hewa inavyobadilika imekuwa adimu. Kwa mavuno ya mwaka 2019 baridi hiyo haikupatikana ipasavyo katika mkoa wowote wa mvinyo wa Ujerumani.

Zabibu zikifika hukamuliwa taratibu, maganda na kokwa vinatengwa mapema ili visilete ukakasi. Mchuzi huachwa usiku kucha utulie, tope lishuke chini. Kisha unaingia kwenye tangi la chuma au kwenye pipa kubwa la mwaloni la lita 1,000, ambalo Mosel wanaliita Fuder. Pipa hilo huwa la zamani, limeshatumika miaka mingi, halitoi harufu ya mbao wala vanila. Kazi yake ni kuuacha mvinyo upumue kidogo sana. Wengi hawatii hamira ya dukani, wanaiachia hamira iliyokuja na zabibu na iliyomo ghalani. Nje majira ya baridi yameanza, ghala limechimbwa ardhini, na hamira inafanya kazi kwa uvivu, wiki hata miezi. Uvivu huo ni faida, kwa sababu harufu nyepesi za tunda zingeondoka na mvuke kama uchachukaji ungekuwa wa moto na wa kasi.

Mtengenezaji anaonja. Siku anayoona utamu na uchachu vimekaa sawa, anashusha joto la tangi mpaka hamira inalala, anatia salfa kidogo, anachuja ili isibaki hamira hai ya kuanza upya ndani ya chupa. Wakulima wa zamani walisaidiwa na baridi yenyewe, ghala lilipoa na hamira ikaacha kazi kabla haijamaliza. Baada ya hapo mvinyo hauruhusiwi kupitia ule mchachuko wa pili wa bakteria unaolainisha asidi ya maliki, ambao mivinyo mingi mizito ya Chardonnay hupitishwa. Hapa uchachu ndio uti wa mgongo, kuulainisha ni kuuvunja. Majira ya kuchipua yanayofuata unaingia kwenye chupa, mara nyingine ukiwa bado na hewa kidogo ndani. Kwa hiyo ukiona viputo vidogo vimeng'ang'ania ukutani mwa glasi ya Riesling changa, usishtuke.

Sasa malalamiko ya mgeni. Harufu ya mafuta ya taa ni ya kweli, hakuiota. Inatokana na kemikali inayoitwa kwa kifupi TDN. Ndani ya ganda la zabibu kuna rangi za jamii ya karotini, zilezile zinazofanya karoti iwe ya njano. Zikivunjikavunjika wakati zabibu inaiva, zinaacha malighafi ambayo baadaye, mvinyo ukiwa chupani, asidi huigeuza taratibu kuwa TDN. Riesling ina malighafi hiyo kwa wingi kuliko aina nyingi nyingine, na vichala vilivyopigwa jua moja kwa moja huwa nayo zaidi. Kwa Riesling yenye umri wa miaka kumi au zaidi, harufu hiyo kwa kiasi, ikiwa nyuma ya asali na ndimu iliyokaushwa, wapenzi wake huitafuta. Mimi ni mmoja wao. Chupa yenye kifuniko cha chuma cha kuzungusha huionyesha zaidi, kwa sababu kizibo cha gome hunyonya sehemu ya TDN na chuma hakinyonyi.

Lakini hapa nina swali kwako, na naomba ulijibu kwa macho yako mwenyewe: chupa zenu zinakaa wapi kabla ya kuingia friji? Joto huharakisha TDN. Riesling changa ya miaka miwili haipaswi kunuka taa kiasi cha kumkera mgeni. Ikinuka hivyo, naishuku stoo kabla ya kulishuku shamba. Hapa Dar chupa hupita kwenye kontena, kisha ghala la bati, kisha gari lililosimama kwenye foleni saa saba mchana, kisha stoo ya mgahawa ambayo kiyoyozi huzimwa usiku au umeme ukikatika. Mvinyo uliochomwa na joto una dalili zake. Kizibo kimesukumwa juu kidogo, au shingo ya chupa ina michirizi inayonata. Rangi imekuwa ya dhahabu kabla ya wakati. Harufu ya tunda imekuwa ya tunda lililochemshwa. Ukikuta hizo, mgeni ana haki na chupa irudishwe kwa msambazaji. Ukikuta mafuta ya taa tu, huku ndimu na pichi bado vipo na uchachu unakata, mvinyo ni mzima. Zilazeni chupa mahali penye giza na ubaridi usiopanda na kushuka, na kama hakuna mahali hapo, agizeni chache mara nyingi.

Vipande vinavyong'aa si vioo. Ni chumvi ya asidi ya tatariki na potasiamu, vyote vya zabibu yenyewe, na wapishi wa keki hutumia unga wake kukaza ute wa yai. Chumvi hiyo haiyeyuki vizuri kwenye baridi, kwa hiyo chupa ikikaa kwenye friji kali la mgahawa inajitenga, inashuka chini au kuganda kwenye kizibo. Viwanda vikubwa huigandisha makusudi kabla ya kujaza chupa ili mteja asiione, wazalishaji wadogo wengine hawajisumbui. Usimwambie mgeni atafune ili athibitishe. Vichukue kwa kijiko, viweke kwenye kikombe, mwagia maji yanayochemka na ukoroge. Vya zabibu vitayeyuka, kioo kitabaki kioo. Na siku nyingine ukimimina chupa ya namna hiyo, isimamishe wima saa kadhaa kabla, mimina bila kuitikisa, na uache kidole kimoja cha mvinyo chini.

La utamu ni kosa la huduma, wala si la mvinyo, na nalisema bila kukulaumu kwa sababu lebo za Kijerumani ni ngumu. Mgeni aliagiza mkavu. Kwenye lebo angetakiwa atafutiwe neno trocken, ambalo kwa kawaida linamaanisha sukari haizidi gramu 9 kwa lita. Feinherb ni katikati. Kabinett au Spätlese ya Mosel isiyo na neno trocken, chukulia ina utamu mpaka uthibitishe vinginevyo. Kama maneno yanakuchanganya, tazama kilevi: asilimia 7 na nusu mpaka 9 maana yake sukari imebaki, 11 na nusu kwenda juu maana yake hamira ilimaliza kazi. Kipimo hicho hakikosei mara nyingi. Jina refu lenye mwisho wa "er" ni la kijiji, na linalofuata ni la shamba. Wehlener Sonnenuhr, kwa mfano, ni shamba la kijiji cha Wehlen lenye saa ya jua kwenye mwamba, iliyojengwa mwaka 1842 ili wafanyakazi wajue muda.

Sasa mtauuzaje? Kwa chakula cha pwani, na hapa nasema kwa imani kamili: sijui mvinyo mweupe unaoelewana na pilipili yetu kuliko Kabinett. Kilevi kikiwa kingi huzidisha moto wa pilipili mdomoni, asilimia 8 haizidishi, na ile sukari kidogo inautuliza. Mpe mgeni anayekula kamba wa nazi wenye pilipili mbuzi. Mpe mwenye samaki wa kupaka, mafuta ya nazi yanakatwa na uchachu. Changu wa kukaanga na kachumbari pia, na biriani ya kuku. Nyama choma usiupeleke, moshi na chumvi vitaufunika, hapo mvinyo mwekundu wa Makutupora wa kwenu unafaa zaidi. Umimine ukiwa na nyuzi 8 mpaka 10, kwenye glasi ndogo, kiasi kidogo kidogo, kwa sababu kwenye baraza la Msasani glasi iliyojaa inapoteza baridi kabla haijafika nusu. Ndoo iwe na barafu pamoja na maji, barafu tupu bila maji haigusi chupa vizuri. Na kabla hujafungua, mwambie mgeni mambo mawili tu: una utamu kidogo, na una uchachu wa kuukata. Anayetaka mkavu atasema hapohapo, na utampelekea mwingine.

Nusu chupa iliyoko friji msimuuzie mtu, lakini msiimwage. Asidi, sukari na salfa iliyomo huilinda kuliko mivinyo mingi, na ikiwa imefungwa vizuri na imesimama wima, siku nne tano bado inanyweka. Keti na bosi wako mwonje pamoja, yeye akiwa na sahani ya kamba mbele yake. Ikipita wiki mpe mpishi, kikombe kimoja kwenye sufuria ya kamba kabla ya kutia tui, uchemke upungue nusu. Mwambie siku hiyo asikamulie ndimu.